Bosi anataka kununua mikanda ya mgongo kwa wapakiaji wa simenti. Inasaidia au ni hela ya kutupa?

Stoo Kipa

Wakuu, poleni na majukumu.

Nasimamia ghala la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Mzigo mkubwa ni simenti. Lori la tani 30 likiingia ni mifuko 600 ya kilo 50, na wanaoishusha ni vijana wanne, kichwani au begani. Gawanya mwenyewe: mifuko 150 kila mtu, yaani tani saba na nusu zimepita kwenye shingo ya kijana mmoja kabla hajala mchana. Jioni anapakia tena za wateja.

Wawili sasa hivi kiuno kimewakatalia. Mmoja anasema ganzi inashuka mpaka kidole cha mguu. Bosi kaguswa, na wazo lake ni kununua ile mikanda mipana ya kufunga kiunoni, kisha aje mtu awape semina ya kuinua mzigo kwa kukunja magoti. Kanituma bei. Kabla sijampelekea nauliza mliopita njia hii: mkanda unafanya kazi? Kama haufanyi, nimwambie afanye nini? Bosi wangu ni mtu wa hesabu, ukimpelekea maneno matupu anakurudisha nayo.

Mtoto wa Temeke

Ngoja waje wenye fani. Naweka kambi hapa.

Kichwa Ngata

Mkanda nimeuvaa sana. Joto, upele, na jasho la simenti linakuchubua. Ila unakupa kichwa, unabeba hata usichokiweza. Hela ya mkanda bora awanunulie vijana nyama.

Mnyoosha Viungo

Stoo Kipa, mimi ni mtu wa fiziotherapia, na wabeba mizigo nawapokea kila wiki. Nianze na huyo wa ganzi, mengine yatasubiri. Muulize kama mguu unalegea, kama ana ganzi sehemu anayokalia au sehemu za siri, kama mkojo au haja vinamtoka bila kujua au vimegoma kutoka. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, apelekwe hospitali leo hii hii, hata usiku. Neva za chini zikibanwa hivyo, kuchelewa kunaweza kumwacha na ulemavu. Kama ni maumivu na ganzi ya kawaida tu, aende akapimwe, lakini asilazwe kitandani wiki nzima. Atembee, afanye kazi nyepesi. Kulala muda mrefu kunachelewesha kupona.

Sasa mkanda. Mwaka 1994 NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti usalama kazini, ilipitia ushahidi wote uliokuwepo na kusema wazi kwamba haipendekezi mikanda kwa mfanyakazi ambaye hajaumia. Mwaka 2000 JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, likachapa utafiti wao mkubwa: wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa kupanga na kushusha bidhaa, maduka 160. Waliovaa kila siku na wasiovaa, maumivu ya mgongo yalikuwa yale yale, na madai ya fidia yale yale. Kwa hiyo kwenye hilo Kichwa Ngata yuko sahihi, nyama ni matumizi bora.

Na semina nayo, samahani kwa wanaoishi kwayo, iko hapo hapo. Mwaka 2011 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za afya kwa pamoja, walikusanya majaribio ya kufundisha watu namna ya kuinua mizigo. Mafunzo peke yake hayakuzuia maumivu ya mgongo.

Sababu ipo kwenye hesabu, na bosi wako ataipenda. Kiunoni uti wa mgongo unafanya kazi kama mtaimbo. Mfuko ukiwa umeushika mbele yako, katikati ya mfuko iko kama sentimita 40 kutoka kwenye uti. Misuli inayouzuia usianguke nao imejishikiza nyuma, sentimita 5 hivi tu. Arobaini gawanya kwa tano ni nane. Mfuko wa kilo 50 unaidai misuli mvuto wa kilo 400, na hapo kiwiliwili chako kilichoinama hatujakiweka. Mvuto huo wote unaziminya diski zilizo katikati ya pingili. NIOSH wanaanza kuogopa pale mminyo unapofika nyutoni 3,400, sawa na kama kilo 340. Kijana wako yuko juu ya hapo kabla mfuko haujafika kifuani. Akunje magoti, akunje viwiko, apige na ishara ya msalaba, kilo 50 kutoka sakafuni inabaki kilo 50.

Stoo Kipa

Dokta asante. Huyo kijana nimempigia, hana dalili hizo, kesho anaenda kupimwa. Sasa kilo ngapi ndiyo salama? Nipe namba.

Mzee wa Mizani

Ngoja nijibu mimi, namba ndiyo chakula changu.

Namba moja ya kila mahali haipo, na hapo ndipo wengi wanajichanganya. NIOSH wana kanuni yao ya kuinua mizigo, inaanzia kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, kimo cha kiuno, bila kujipinda, na si mara kwa mara. Ukiharibu sharti moja, kilo zinashuka. Waingereza nao wana mchoro wa mwongozo wa haraka: mwanaume, mzigo umeukumbatia kimo cha kiuno, kilo 25. Ule ule ukiwa sakafuni au juu ya bega, kilo 10. Mwanamke kilo 16 kiunoni, kilo 7 sakafuni. Sio sheria ya kukufunga jela, ni alama kwamba ukivuka hapo anza kutafuta njia nyingine.

Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilitoa Mkataba namba 127 na Pendekezo namba 128. Pendekezo linataja kilo 55 kwa mwanaume mzima, na kwa wanawake na vijana pungufu zaidi. Wenye viwanda wanaipenda sana namba hiyo kwa sababu mfuko wa simenti unapita chini yake kwa kilo tano. Wasichokisoma ni kwamba hicho ni kikomo cha juu cha miaka ya sitini, na mkataba wenyewe unasema mtu asibebeshwe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru.

Angalia tena huo mchoro wa Waingereza lakini. Mtu yule yule, mkono ule ule, kilo 25 kiunoni na kilo 10 sakafuni. Kimo cha mzigo kinabadilisha mambo kuliko unavyodhani, na kimo unaweza kukibadilisha kesho asubuhi bila kumwomba mwenye kiwanda.

Kichwa Ngata

Sasa niseme na mimi, maana naona mnaelekea pabaya.

Mimi ni mbebaji, sio msomaji. Tunalipwa kwa mfuko. Ukija na kanuni zako za kilo 23, mfuko ukawa nusu, na bei ya mfuko itakuwa nusu. Ukisema pumzika dakika kumi, genge la pili linachukua lori. Ukileta mashine, wanne tunabaki wawili. Kila anayekuja kutuonea huruma, mwisho wa siku mfuko wetu ndio unatoboka. Mgongo unaniuma, najua. Lakini mtoto akifukuzwa shule kwa michango unauma zaidi.

Na hayo magoti. Dokta, umewahi kuchuchumaa mara 150 na kilo 50? Magoti yanakufa kabla ya kiuno. Tunainama kwa sababu ndivyo mwili unavyokubali kwa siku nzima.

Mnyoosha Viungo

Sijawahi, na sikubishii. Umetaja kitu ambacho semina zote zinakikwepa: malipo ya kipande. Mtu anayelipwa kwa mfuko hawezi kujali mgongo wake, kila tahadhari anailipia mwenyewe. Na akiumia anameza diklofenaki asubuhi na jioni ili lori lisimpite. Nimeona waliofika na vidonda vya tumbo kwa mtindo huo, na figo pia dawa hizo hazizihurumii. Dawa inanyamazisha maumivu, diski inaendelea kuminywa.

Kibo Mdogo

Nipo Moshi, ni mpagazi wa mlima. Kaka Kichwa Ngata nakuelewa, ila nikupe mfano wa kwetu.

Kilimanjaro mzigo wa mpagazi ni kilo 20. Unapimwa kwa mizani getini, mbele ya watu wa hifadhi. Zamani mtu alikuwa anabeba chochote anachopewa, kwa sababu ukikataa yupo nyuma yako atakayebeba. Kikomo kilisaidia kwa kuwa kinapimwa, na kinawabana wote. Kampuni yako haishindwi na kampuni jirani kwa sababu tu imewahurumia watu wake, nayo jirani imepimwa. Mzigo ukizidi, anaongezwa mpagazi, kwa hiyo ajira imeongezeka. Usidhani kila kitu ni safi, wapo wanaohamisha mizigo wakishapita geti, na malipo tunagombana nayo mpaka leo. Lakini bila ile mizani ningekuwa nimeshastaafu.

Ghalani kwenu mizani mnayo ya kupimia misumari. Ya kupimia mtu hakuna.

Marikiti Boy

Hapa Nairobi tulipewa sheria ya viazi. Kanuni za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Kabla ya hapo gunia lilikuwa linashonewa kilemba juu, unabeba kitu hujui uzito wake. Kuitekeleza ndiyo imekuwa ya kusuasua. Polisi akisimama njiani wanatii, akitoka gunia linanenepa tena. Mkulima anaumia bei, sisi tunaumia shingo.

Mzee wa Mizani

Huku kwetu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi namna hiyo, ni kosa, gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo huwa wanakamata. Ila sheria ile inamlinda mkulima asipunjwe. Mgongo wa kuli wa Mabibo haumo kwenye hesabu, maana gunia la kilo 100 kamili ni halali na anayelibeba ni mtu mmoja.

Bi Zamu ya Usiku

Jamani na sisi wauguzi tukumbukwe. Mnaongelea kilo 50, mgonjwa ana kilo 80, hana mpini, na katikati ya kumnyanyua anakushika shingo. Wodini kwetu tulichofanya ni kuacha kumnyanyua. Tunamtelezesha kwa shuka la chini, watu wawili, kitanda kimepandishwa kimo cha kiuno kwanza. Vitanda visivyopanda ndivyo vinavyotumaliza. Endeleeni na simenti yenu.

Mnyoosha Viungo

Dada umemaliza maneno. Kutelezesha badala ya kunyanyua, na kazi kuletwa kimo cha kiuno. Hayo mawili ndiyo tunayapeleka ghalani.

Stoo Kipa, angalia vijana wako mzigo unawaumiza wapi hasa. Kutembea na mfuko kichwani sio sehemu mbaya zaidi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapa utafiti uliofanyika Kenya, wanawake wa Kiluo na Kikikuyu, ikaonekana wanabeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada, Waluo kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Uzito ukikaa wima juu ya uti, ule mtaimbo wa kiunoni haupo. Kilo 50 ni mbali sana na asilimia 20, na shingo inalipa gharama yake, lakini kiuno kinaharibika zaidi kwenye kutwika na kutua. Pale mfuko unatoka chini kwenda kichwani, na pale unatoka kichwani kwenda chini huku mtu amejipinda kupanga. Hapo ndipo hela ya bosi iende.

Mifuko isikae sakafuni kamwe. Weka paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, mbili tupu chini, moja juu ya nyingine, ndipo upange. Juu usipite kimo cha kifua. Pata meza imara ya kutwikia, kimo cha kati ya kiuno na kifua. Mfuko unavutwa ukingoni, mtu anageuka, anauchukua begani bila kuinama. Kwenye lori vivyo hivyo: wawili juu wanasogeza mifuko hadi ukingo wa bodi, aliye chini anaupokea begani akiwa amesimama wima. Mifuko isirushwe. Na mwendo kutoka lori hadi stoo ufanywe na magurudumu. Jeki ya paleti ya mkono inabeba tani mbili na zaidi, ni ya kusukuma tu, haili mafuta.

Kichwa Ngata

Meza ya kutwikia hiyo naikubali. Kuna ghala moja tulikuwa tunatwikia kwenye pipa zilizojazwa mchanga, siku unaiona fupi. Na usiwaache utingo wakashusha wakifika tu. Mtu katoka Mbeya amekaa kwenye lori usiku kucha barabara inamtikisa, anaruka chini na kukamata mfuko. Nimeona wengi wakibaki hapo hapo wameinama.

Mnyoosha Viungo

Hiyo ina maelezo yake. Ukilala, diski zinanyonya maji na kuvimba, kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka kuinama kunaziminya zaidi. Kuna utafiti wa 1998 wagonjwa wa kiuno walifundishwa kuacha kuinama asubuhi mapema tu, na maumivu yakapungua. Kukaa muda mrefu kwenye gari linalotikisika nako kunaulegeza mgongo usiwe tayari kwa mzigo. Lori la alfajiri lisubiri kwanza muda wa saa moja. Vijana wafagie, wahesabu mzigo, watembee, ndipo waanze.

Shakopee Kwa Baridi

Salaam kutoka Minnesota. Nafanya kazi ghala la kupaki vifurushi, jina siliweki. Huku boksi ni jepesi, kilo 5, kilo 10, lakini skrini inakuhesabia. Ukienda chooni muda unakimbia. Watu hawaharibiki mgongo kwa uzito, wanaharibika mabega na vifundo vya mikono kwa kurudia. Mwaka 2023 jimbo lilipitisha sheria: maghala makubwa lazima yakuandikie kiwango unachodaiwa, na kiwango kisikunyime chakula, choo wala sala. Ikaja na nyingine inayodai maghala, machinjio na hospitali wawe na mpango wa kuzuia maumivu ya misuli na viungo. Wasomali wa hapa walipiga kelele miaka kabla ya kusikilizwa.

Nasema hivi kwa sababu mkipunguza kilo halafu mkaongeza kasi, mmehamisha ugonjwa tu.

Mzee wa Mizani

Point. Uingereza mfuko wa simenti ni kilo 25. Ukiuleta hapa kesho, lori la tani 30 lina mifuko 1,200, na nawajua vijana wetu, watabeba miwili miwili. Kwa hiyo mimi sianzi na mfuko. Ningeanza na malipo: genge lilipwe kwa tani iliyoshuka au kwa lori, lisilipwe kwa kichwa kwa mfuko. Wakishusha kwa jeki ya paleti, hela ile ile. Hapo mashine inakuwa rafiki yao, kwa sababu wanamaliza mapema na wanakula kile kile.

Kichwa Ngata

Sasa hapo unaongea. Hela ile ile, watu wale wale wanne. Iandikwe.

Mafao na Haki

Nichomekee la kisheria. Stoo Kipa, hao vijana ni waajiriwa au deiwaka? Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi chini ya sheria ya 2008, ulianza kupokea michango 2015. Mchango analipa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 na imeshushwa hadi asilimia 0.5 ya mshahara. Tiba na fidia ya kuumia kazini inatoka huko. Lakini kama jina la kijana halipo kwenye orodha ya malipo ya ofisi, siku diski ikipasuka utashangaa mwenyewe nani alimwajiri. Andikisheni. Na kila tukio, hata la kiuno kukaza tu, liandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo kwa tarehe na shahidi. Maumivu ya mgongo ndiyo yanayobishaniwa kuliko jeraha lolote, kwa sababu hayana kovu.

OSHA nao, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa sheria ya 2003, wanataka mfanyakazi apimwe afya anapoanza kazi, akiwa kazini, na anapoondoka. Wengi wanaichukulia kama karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Kwa wabebaji ndiyo ushahidi wao kwamba waliingia wazima.

Stoo Kipa

Wakuu nimerudi. Nimempelekea bosi hesabu, sikumtajia neno huruma hata mara moja. Nimeweka upande mmoja bei ya mikanda, semina, na siku ambazo hao wawili hawapo na nimelipa vibarua wa dharura wanaopasua mifuko. Upande wa pili jeki ya paleti, fundi wa meza mbili za mbao, na paleti.

Kakubali meza na paleti papo hapo. Jeki kasema tujaribu moja kwanza. Malipo kwa lori alikunja uso, akauliza wakimaliza saa sita mchana watafanya nini hadi jioni. Nikamwambia watapakia wateja, sasa hivi wateja wanasubiri foleni kwa sababu vijana wamechoka. Hapo akanyamaza, akaandika. Kuwaandikisha kwenye Mfuko anasema aongee na mhasibu, nitamfuata. Kupunguza mfuko kagoma, na kweli sio yeye anayefungasha.

Swali la mwisho. Sakafu yetu ina mashimo na mlango una kizingiti. Jeki itapita?

Mzee wa Mizani

Haitapita. Magurudumu ya mbele ya jeki ni madogo, shimo la nusu inchi linaisimamisha na tani moja iko juu. Halafu kuivuta kwa nguvu itoke shimoni ndiyo njia nyingine ya kuvunja kiuno. Kizingiti king'oeni, wekeni mteremko mrefu wa taratibu. Mashimo zibeni kabla jeki haijanunuliwa, simenti si mnayo. Na pima upana wa mlango: paleti nyingi zina mita moja hadi moja na ishirini, acha nafasi ya mikono pande zote.

Kichwa Ngata

Na kusakafia huko msiwape hao wawili wa kiuno. Kuchanganya zege kwa koleo ni kuinama na kujipinda siku nzima, bora hata kubeba.